Nakuja ya Kuja

Fundi yeyote anayejiheshimu ana spana, mfuko wa begani na neno moja, na neno lenyewe ni "nakuja." Huyu fundi bomba wetu alikuwa nalo kuwashinda wenzake wote. Simu ikimkuta kitandani: "Nakuja, mama, nakuja." Ikimkuta chini ya sinki la mtu mwingine, upande wa pili wa mji: "Niko njiani, mzee, nakuja." Na akiondoka kwa mteja huku bomba liko wazi na ndoo inapokea matone, husimama mlangoni akasema "nakuja," akapotea hadi kesho yake. Wala hakujiona mwongo. Kwetu sisi mtu anayeondoka ndiye anayesema anakuja. Ndivyo lugha ilivyo, na mwenye ubishi akabishane na waliotuachia.

Mkewe, ambaye ni muuguzi na hana subira na maneno yasiyo na dawa ndani yake, alimpa jina la Bwana Nakuja. Binti yao, aliyekuwa na umri wa darasa la tatu na mdomo wa darasa la saba, alilipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Lakini kulikuwa na saa moja katika siku ambayo fundi huyu hakuwa njiani kwenda popote, na saa hiyo ilianza saa moja jioni. Kabla yake alikoga, akala, akasikiliza kisa cha shuleni mpaka mwisho, kisha akaingia stoo na kuvuta mlango. Mle ndani, kati ya vipande vya bomba, mabeseni yaliyopasuka na choo kimoja kipya ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua, kulikuwa na kompyuta aliyopewa na ofisi fulani iliyokuwa inatupa vitu vyake vya zamani. Kiti kilikuwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na juu yake mto ambao mkewe aliuweka siku moja bila kusema kitu. Fundi alivaa hedifoni, akawasha kompyuta, akaisubiri ingurume kama pampu iliyokosa maji. Baada ya hapo hakuwa fundi tena. Alikuwa Daktari.

Ndiyo, Daktari. Gemu aliyoicheza huchezwa na watu walio mbalimbali, kila mmoja kwake na kila mmoja na kazi yake, mnasikiana sauti lakini hamwonani sura. Yeye alichagua kazi ya kuponya majeruhi. Mkewe aliposikia jina hilo alicheka hadi akashika ukuta.

"Mimi nimesoma miaka yote ile naitwa sista," alisema. "Wewe umeingia stoo mara moja, umetoka daktari!"

Mtu mzima anayecheza gemu huulizwa swali moja tu, tena kwa sauti ile anayoulizwa mtoto aliyekutwa anakula udongo: hivi unapata nini humo? Fundi hakuwahi kulijibu vizuri, ila jibu alikuwa nalo. Kutwa kucha kazi yake ni kulala chali chini ya masinki, watu wakiiona miguu yake tu. Akiitwa, aliyemwita ameshakasirika. Furaha ya mteja ni pale fundi anapofunga mfuko wake na kuondoka na harufu yake. Mchezoni mambo yalikuwa kinyume. Kule watu walifurahi alipofika. "Daktari huyo! Daktari kafika!" Hakuna mahali pengine duniani ambapo kufika kwake kulipigiwa kelele za namna hiyo, na alizipenda. Tusimfichie aibu, alizipenda mno.

Waliompigia kelele hizo walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Dereva, mwendesha lori mwenye sauti nzito na kicheko cha kukohoa, aliyecheza akiwa ameegesha kwenye yadi ya kampuni yao, kompyuta ndogo ameipakata juu ya mapaja. Yeye alishika ngao na kutangulia. Wa pili alikuwa Shangazi, mkuu wa kikosi, bingwa wa mishale. Mchana Shangazi alikuwa karani wa mahakama, mtu anayeandika kutwa maneno ya watu jinsi walivyoyatamka, na jioni hakuwa na breki ya kuacha kazi hiyo. Siku ya kwanza Fundi aliposikia ile sauti ya amri aliinuka nusu kwenye ndoo yake akasema, "Shikamoo, Shangazi." Akajibiwa, "Marahaba." Baadaye sana iligundulika kwamba Shangazi ni mdogo wake kwa miaka kadhaa. Lakini marahaba ikishaitikiwa hairudishwi dukani, kwa hiyo Fundi aliendelea kuamkia na Shangazi akaendelea kuitikia, bila haya hata kidogo.

Walijiita Kikosi cha Saa Moja. Walikutana saa moja, wakacheza saa moja, wakaachana. Vijana wengine wa kwenye gemu ile walishinda humo na kukesha humo, wana silaha zinazong'aa na vyeo virefu. Hawa watatu walikuwa na saa moja, basi. Dereva alitakiwa alale mapema, Shangazi alikuwa na mama mgonjwa wa kumpa dawa, na Fundi alikuwa na mkataba na mkewe: saa moja mpaka saa mbili ni ya baba, saa mbili mpaka saa tatu ni ya mama. Saa ya mama, baba huosha vyombo na kumlaza mtoto, na mama hujifungia chumbani, akainua miguu ukutani, akasikiliza redio, na nyumba ikiungua basi iungue kimyakimya. Mkataba huo haukuwahi kuvunjwa na pande zote mbili ziliutetea kwa wivu.

Sasa, katika gemu ile kuna ngome. Kikosi cha Saa Moja kilikuwa kimeihangaikia ngome hiyo tangu binti yake Fundi ana meno ya utoto mbele. Lango lake hufunguka kengele inapolia, likakaa wazi kidogo tu, kisha likajifunga. Lazima waingie wote watatu. Dereva anatangulia na ngao, Shangazi nyuma yake anapiga mishale, na Daktari anawafuata mgongoni akiwaponya kila wanapojeruhiwa. Bila Daktari, ngao ya Dereva haidumu muda wa kupiga chafya. Tatizo ni kwamba Daktari lazima kwanza ateremke kisimani, nyuma ya kilima, akajaze vibuyu vyake maji ya dawa. Fundi mwenyewe alicheka alipoligundua hilo: hata huku wamempa kazi ya maji. Kwa hiyo kengele ikilia, wenzake wako langoni na yeye yuko kisimani, hawamwoni. Wanachokuwa nacho ni sauti yake tu.

Jumanne moja walikuwa wamefika mbali kuliko siku zote. Dereva yuko langoni, Shangazi ameshavuta upinde, Daktari anajaza kibuyu cha mwisho. Na simu ya Fundi ikalia. Alikuwa mwenye saluni, ambaye sinki lake la kuoshea nywele lilikuwa limeziba tangu Jumapili. Fundi alibana simu kati ya bega na sikio, nje ya hedifoni, na kabla hajafikiri, ulimi ukafanya ulichozoea kufanya.

"Nakuja, dada! Nakuja, niko njiani kabisa!"

Maiki ilikuwa wazi. Kengele ya ngome ikalia wakati huohuo. Shangazi akasikia "nakuja," Dereva akasikia "niko njiani kabisa," na wote wawili wakajitosa ndani kama watu wenye daktari. Fundi alipoinua macho kutoka kwenye simu, Dereva alikuwa ameshalala chini na ngao yake, na Shangazi alikuwa anakimbia akizunguka nguzo huku akimtaja mama mzazi wa kila askari wa ngome. Halafu naye akaanguka. Lango likafungwa. Daktari alikuwa bado kisimani, na vibuyu vyake vimejaa pomoni.

"Daktari," Shangazi alisema kwa ile sauti ya kumbukumbu za mahakama. "Ulisema nakuja. Ulisema niko njiani kabisa."

"Samahani, Shangazi. Nilikuwa naongea na mteja."

"Aha. Kwa hiyo ulikuwa njiani kwenda kwa mteja?"

Fundi alitazama ndoo aliyoikalia. Alitazama ndala zake. Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

"Hapana," akasema.

Dereva aliangua kicheko chake cha kukohoa mpaka maiki ikakwaruza. Shangazi hakucheka. Alikuwa na sababu, na wote waliijua. Jumatatu iliyofuata Dereva alikuwa anahamishiwa safari za mbali, za kuvuka mipaka, huko ambako mtandao ni hadithi za kusimuliwa na lori husimama pale polisi wanapotaka. Hapangekuwa na saa moja tena, angalau kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Lango la ngome hufunguka Jumanne na Ijumaa tu, na Jumamosi Dereva alikuwa anaanza kufunga mizigo, kwa hiyo ilikuwa imebaki Ijumaa tu.

"Ijumaa ndiyo mwisho wetu," alisema Shangazi. "Sitaki tuagane tumelala chini. Nina mpwa wangu, ana vidole vyepesi, na akisema anakuja huwa anakuja. Nafikiri Ijumaa nimlete ashike dawa."

Neno hilo lilimchoma Fundi. Ungeweza kumwambia ni gemu tu, na angekubali, na lingeendelea kumchoma palepale. Kucheza karibu miaka miwili na watu, halafu jioni ya kuagana ukaketi kwenye ndoo yako peke yako ukijua wako kule na mwingine ameshika vibuyu vyako!

"Bila Daktari mimi siingii," alisema Dereva. "Nimezoea kufa naye."

"Basi Ijumaa," akasema Shangazi. "Lakini, Daktari, nikisikia lile neno nitajuaje?"

Fundi alitoka stoo kabla ya saa mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mkewe akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Alipoelezwa kisa chote aliuma midomo asicheke, akashindwa.

"Baba wee! Siku zote unatudanganya sisi, umekuja kukamatwa na watu usiowajua sura."

"Sikudanganya. Ni neno tu."

"Baba," alidakia binti, aliyetakiwa awe anapiga mswaki, "kwani nakuja yako ni ya kwenda au ya kuja?"

"Ya nini?"

"Kuna nakuja ya kwenda, ukitoka. Na kuna nakuja ya kuja, ukija. Wewe zako zote ni za kwenda."

Wazazi walitazamana. Mtoto akarudi kwenye mswaki wake kana kwamba hajasema kitu.

Kuanzia asubuhi ya Jumatano, Fundi alijaribu kuishi bila lile neno, na mazoea yana taabu. Ulimi ulikuwa unalitafuta kama ulimi wa mtu aliyeng'olewa jino. Mzee mmoja mwenye tangi linalovuja alimpigia, na Fundi akavuta pumzi akamwambia, "Mzee, leo siji. Nina kazi mbili. Nitafika kesho mchana." Mzee akauliza kwa upole mkubwa, "Fundi, nimekukosea nini?" Ilibidi amweleze mara mbili kwamba hakuna ugomvi. Kwa mwenye saluni alisema atakuwa mlangoni kesho saa mbili asubuhi, na kweli saa mbili alikuwa mlangoni, na mlango una kufuli. Mwenye saluni alitokea baadaye akila muwa, akamwona fundi amekaa kizingitini na mfuko wake, muwa ukamtoka mkononi.

"Fundi! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nilisema saa mbili."

"Nilisikia. Ndiyo maana nikajua nina nafasi mpaka mchana."

Lile sinki lilikuwa limemeza nywele za mji mzima. Alipomaliza, mwenye saluni alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo mteja hajawahi kumfanyia, na njia nzima alikuwa anamwangalia kwa jicho la kuibia kama mtu aliyebadilishwa usiku. Nyumbani mtoto alikuwa mlinzi wa zamu. Neno likimponyoka tu baba, hata akiwa anaelekea chooni, sauti ndogo ilitoka popote ilipo: "Ya kwenda au ya kuja?"

Ijumaa saa moja jioni Fundi alikuwa ameshakalia mto wake. Aliamkia, akaitikiwa, kisha akawasimulia wenzake maneno ya mtoto, zile nakuja mbili. Dereva alifurahi sana. Shangazi alisema tu kwamba mtoto huyo asomeshwe sheria.

Wakaanza. Na walicheza vizuri, labda kwa sababu hakuna aliyetaja Jumatatu. Dereva alipanda kilima akiimba kwa sauti mbovu, Shangazi akasafisha njia kwa mishale, na Daktari akawaponya kila kidonda mpaka walipofika mbele ya lango. Kisha akateremka kisimani na vibuyu vyake. Alikuwa amezima simu. Alikuwa ameziba kila tundu ambalo uharibifu ungeweza kupitia, maana kuziba matundu ndiyo kazi yake. Aliyemsahau ni jirani wa ghorofa ya juu.

Mlango wa nyumba uligongwa kama umekosa. "Fundi! Fundi jamani! Bomba limepasuka, maji yanaingia chumbani!"

Mkewe alikimbilia mlangoni. Fundi aliposikia anaitwa, alihisi lile neno limeshapanda mpaka kwenye meno. Akalimeza. Akapiga moyo konde, akageuza shingo na kupaza sauti kupita mlango wa stoo, akisema ukweli mtupu, kama alivyojifunza wiki ile:

"Siji sasa hivi! Mwambie afunge koki kubwa nyuma ya mlango wa choo! Mimi siji mpaka saa mbili!"

Maiki ilikuwa wazi. Na kengele ya ngome ikalia.

"Daktari haji!" Shangazi alipiga kelele. "Dereva, rudi! Amesema haji!"

"Nirudi wapi? Lango limefunguka!" Mikuki ilikuwa imeanza kumiminika kwenye ngao ya Dereva.

Fundi aliganda. Maisha yake yote alikuwa amesema anakuja na haji. Siku aliyosema haji, alikuwa anakuja. Aliinama mpaka midomo ikagusa maiki.

"Nakuja!"

Alimsikia Shangazi anavuta pumzi, huko aliko, katika chumba ambacho Fundi hatakiona maishani. Ngao ya Dereva ilikuwa inapasuka. Lango likaanza kurudi.

"Daktari," alisema Shangazi, upesi na bila hasira. "Ya kwenda au ya kuja?"

"Ya kuja, Shangazi! Ya kuja!"

"Ingia, Dereva," akasema.

Wakaingia, wawili, bila kumwona, kwa neno lake tu. Na Daktari alikimbia. Alikipita kilima, akaruka mfereji, akapenya langoni ubavuubavu wakati mbao mbili zinakutana, na akamkuta Dereva amebakiwa na uhai kiasi cha ukucha. Akammwagia kibuyu kizima. "Daktari huyo!" alinguruma Dereva. "Daktari kafikaaa!" Akammwagia Shangazi, akamrudia Dereva, akarudi tena kwa Shangazi, huku na huku, kama mtu mwenye nyumba moja na mabomba matano yaliyopasuka, na kazi hiyo, jamani, hakuna wa kumfundisha. Alipoona askari wa mwisho anaanguka alikuwa amesimama wima stooni, ndoo imepinduka, mto uko miguuni, na binti yake yuko mlangoni anampigia makofi bila kujua kwa nini.

Ngome ilikuwa yao. Walizunguka ndani yake kama wageni waliokaribishwa nyumba mpya, wakifungua kila mlango. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, na kilikuwa kicheko chembamba cha msichana. Mwishowe walipanda juu ya ukuta, wakasimama wote watatu wakitazama chini kwenye kile kilima walichofia mara nyingi.

"Basi, wakubwa," alisema Dereva. Sauti yake nzito ilikuwa imeshuka. Fundi alishika ukingo wa meza. Alijua neno linalofuata ni kwaheri, na hakulitaka.

"Haya, Dereva," alisema Shangazi polepole. "Ngao yako nitampa mpwa wangu. Lakini ajue ameazimwa."

"Ajue ameazimwa," Fundi akaunga mkono.

Dereva alikohoa, na safari hii haikuwa kicheko.

"Nakuja," akasema.

Hakuna aliyemuuliza ni ya kwenda au ya kuja. Taa ndogo ya kijani iliyokuwa kando ya jina lake ilizimika, na wawili waliobaki wakasimama palepale ukutani mpaka saa yao ilipokwisha. Kisha Fundi alizima kompyuta, akarudisha mto juu ya ndoo, akampisha mkewe aliyekuwa anaelekea kwenye redio yake, akabeba mfuko begani na kupanda kwa jirani, binti amemfuata nyuma na tochi. Jirani alifungua mlango akiwa na tambara mkononi, akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama fundi.

"Umekuja kweli," alisema.

"Nilisema saa mbili," Fundi akajibu, akavua viatu na kuingia kwenye maji.